Mteremko wa Newala
Mhadhara juu ya kustaafu kwa taratibu na kazi ya nusu wakati kwa watumishi wenye umri, uliosomwa Masasi mbele ya walimu, wauguzi na wastaafu

Neno nililokuja nalo nimelibeba miaka mingi na sikupata kulisema lote mahali pamoja.

Kila aliyezaliwa katika nchi hii aijua Newala ilivyokaa: mji umepanda juu ya ukingo wa uwanda wa Makonde, na mtu akisimama pale panapoitwa Shimo la Mungu huiona ardhi imekatika mbele ya miguu yake, bonde la Ruvuma limelala chini kwa chini, na ng'ambo ya mto milima ya Msumbiji imefifia kwa rangi ya moshi. Bibi zetu, kabla ya mabomba ya mradi wa maji wa Makonde kuanza kupandisha maji huko juu katika miaka ya 1950, waliteremka ukingo ule alfajiri wakiwa na mitungi mitupu, wakapanda nayo imejaa jua likiwa utosini. Na njia waliyoifuata, ambayo baadhi yetu tuliikanyaga utotoni nyuma ya visigino vyao, ilikuwa njia ya kupinda, mara huku mara kule, yenye mawe ya kupumzikia na miti ya kushikilia, kwa kuwa waliowatangulia walijua kwamba mtu hufika bondeni salama kwa sababu amekubali kushuka kidogo kidogo. Hapana hata mmoja aliyeshuka Newala kwa kuruka.

Muradi wangu leo ni kusema kwamba mtumishi wa serikali yetu, awe mwalimu, muuguzi, karani au dereva, sheria humtaka aruke. Yupo mlango wa hiari afikapo miaka 55, na upo mlango wa lazima afikapo miaka 60, na milango yote miwili ni ya namna moja: leo upande huu mtu ana kazi yote, saa zote, mzigo wote na hadhi yote, kesho upande wa pili hana hata nusu saa ya kazi aliyoifanya maisha yake yote. Tumejengewa milango, hatukujengewa ngazi. Nami nadai, kwa taadhima zote kwa wenye mamlaka, kwamba ngazi inaweza kujengwa, kwamba haitawagharimu vijana nafasi zao, na kwamba hapana mahali panapoihitaji zaidi kuliko shule na zahanati za wilaya hizi mbili, Masasi na Newala.

Niruhusuni nianze na nafsi yangu, kwa sababu ndiyo niijuayo. Nilizaliwa mwaka 1958. Mwaka 1976, nikiwa kijana wa miaka 18 niliyehitimu darasa la saba, nilichukuliwa pamoja na wenzangu kuwa mwalimu wa UPE, yaani elimu ya msingi kwa wote, kwani Azimio la Musoma la Novemba 1974 lilikuwa limeagiza kwamba ifikapo 1977 kila mtoto wa Tanzania awe na nafasi ya kusoma shule ya msingi, na walimu wa vyuo hawakutosha haja hiyo. Basi tukafunzwa huku tukifundisha, asubuhi mbele ya watoto, jioni mbele ya mkufunzi, na usiku mbele ya koroboi na madaftari. Walikuwako waliotudharau kwa hayo, na dharau nyingine ilikuwa na haki yake, maana tulianza na maarifa machache. Walakini mtu anayefundisha darasa la kwanza kwa miaka 42 hupata jambo ambalo halimo katika shahada yoyote. Hujua, kwa kumtazama mtoto anavyoishika penseli, kama atalikosea umbo la herufi. Hujua mtoto yupi haandiki kwa sababu haoni ubao na yupi haandiki kwa sababu hakula. Na hujua kwamba mtoto wa kwetu hufahamu kutoa na kujumlisha haraka zaidi ukimwekea korosho kumi juu ya mkeka kuliko ukimwandikia tarakimu, kwa kuwa korosho amezihesabu nyumbani tangu hajajua kusema vizuri.

Ijumaa moja ya mwaka 2018 nikaagwa. Wenzangu walinipa mabati, blanketi na kuku wawili, wazazi wakaimba, mwalimu mkuu akanena maneno mema kuliko niliyostahili, nami nikakabidhi rejesta, ufunguo wa kabati na lile kopo la kokoto nililokuwa nikifundishia hesabu. Jumatatu yake niliamka saa kumi na moja kama kawaida, nikaoga, nikavaa shati lililopigwa pasi, nikatoka. Nilipofika penye mwembe, njia inapogawanyika moja kwenda shuleni na moja kwenda shambani, nikasikia kengele. Nilisimama pale mpaka kengele ikanyamaza na watoto wakaingia, kisha nikarudi nyumbani kulivua shati. Mke wangu hakuniuliza neno. Na lile darasa langu, katika shule ambayo sitaitaja, lilikaa muda mrefu bila mwalimu wake mahsusi, likiunganishwa na darasa jingine hata watoto wakawa wanakaa wanne katika dawati la wawili. Ilhali mimi, mwenye nguvu za kufundisha japo saa tatu za asubuhi, nilikuwa nimekaa umbali wa kutembea kwa miguu nikifukuza kuku kwenye udaga.

Sikuwa peke yangu, na hilo ndilo linaloufanya msiba wangu uwe jambo la kusemwa hadharani. Wale vijana wa UPE waliingia kazini kwa mkupuo, na kwa hiyo walitoka kwa mkupuo, katika miaka ya karibu na 2018. Na miaka hiyohiyo, kwa Waraka wa Elimu Namba 5 wa mwaka 2015, ada na michango iliondolewa, na kuanzia Januari 2016 watoto wakaja shuleni kwa wingi ambao majengo yetu hayakuwa na pa kuwaweka. Mlango wa mbele uliingiza watoto na mlango wa nyuma ukatoa walimu, na hapakuwa na mtu katikati wa kukadiria kwamba milango hii miwili ni ya nyumba moja.

Sasa nataka tulitazame neno lenyewe. Kustaafu tumelipata kwa Waarabu, na kwao asili yake ni kuomba kusamehewa, kuomba kuachiliwa katika jukumu. Yaani mwenye kustaafu ndiye aliyepaswa kuwa mwombaji, na ombi, kwa kawaida ya waungwana, huweza kuwa la kupunguziwa mzigo kabla ya kuwa la kutuliwa mzigo wote. Neno la pili, kung'atuka, Kiswahili kimelipokea kutoka Kizanaki kwa kinywa cha Mwalimu Nyerere, na hebu tukumbuke namna mwenyewe alivyolitenda. Mwaka 1985 aliacha urais. Uenyekiti wa chama hakuuacha mpaka 1990. Na baada ya hapo, akiwa mkulima wa Butiama, aliendelea kuwa mpatanishi wa Warundi hata mauti yalipomchukua mwaka 1999. Alishuka ngazi tatu, na katika kila ngazi alimwachia mtu mwingine nafasi. Mwana wa kwetu hapa, Benjamin Mkapa, mzaliwa wa Lupaso katika wilaya hii ya Masasi, alitoka Ikulu mwaka 2005 akiwa na miaka 67, lakini mwaka 2008 alikuwa Nairobi pamoja na Kofi Annan na Graça Machel wakiwapatanisha Wakenya, na baadaye akakabidhiwa usuluhishi wa Burundi, kazi za muda, zenye kuanza na kuisha, zilizomwachia nafasi ya kupumzika kijijini kwake. Hawa tuliwasifu kwa hekima ya kushuka hatua kwa hatua. Insafu yataka mwalimu wa Kitangari na mkunga wa Lulindi nao waruhusiwe hekima hiyohiyo.

Mtu anaweza kuniambia kwamba kustaafu kwa siku moja ndiyo kawaida ya dunia. Nami namjibu kwamba ni kawaida changa mno. Katika nchi hii kazi ya mshahara yenyewe haina umri mkubwa: Askofu Steere aliwaleta hapa Masasi watu waliokombolewa utumwani mwaka 1876, na walimu na makarani wa misheni ndio miongoni mwa watu wetu wa kwanza kulipwa kwa mwezi. Miaka 13 baadaye, mwaka 1889, serikali ya Bismarck huko Ujerumani ikatunga sheria ya pensheni ya uzee, umri ukiwa miaka 70, nao wakaushusha hadi 65 mwaka 1916, vita vikiwa vimepamba moto huko na huku kwetu pia. Sheria ile ilitungwa katika zama za viwanda na migodi, ambamo mwili uliochoka huwa umechoka kwa kazi yote, na kengele ya kiwanda haijui kumngoja mtu wa nusu siku. Wakoloni walikuja na kengele hiyo, nasi tulipopata uhuru tukairithi pamoja na majengo.

Mkulima wa Makonde hajapata kustaafu namna hiyo. Kijana hufyeka na kung'oa visiki. Afikapo makamo humwachia kijana panga la kufyekea, yeye akashika palizi na bomba la kupulizia salfa, mwezi wa sita na kuendelea, maua ya mikorosho yasije yakaliwa na ugonjwa wa ubwiriunga. Mgongo ukianza kuuma, bomba nalo hulitoa, akabaki na kazi ya macho: yeye ndiye apitaye chini ya miti asubuhi, akaligeuza shada la maua kwa vidole viwili, akasema, huu upulizwe leo, ule ungoje. Msimu ufikapo, kuanzia mwezi wa kumi, huokota kidogo, na azidipo kuzeeka hukaa juu ya mkeka akitenga korosho nzuri na zilizosinyaa, kabla hazijapelekwa ghala la chama kungoja mnada. Na neno lake juu ya daraja la korosho hakuna mjukuu awezaye kulipinga. Kila hatua anayoshuka kuna mtu mdogo anayeishika kazi aliyoiacha, huku mwenyewe yungali karibu kumwonya. Nyakanga wa unyago naye haachi ngoma kwa usiku mmoja. Huwa na msaidizi, na msaidizi huyo hukaa misimu kadhaa pembeni yake hata siku moja watu wanatambua kwamba mkubwa amekuwa akitazama tu.

Na mkorosho wenyewe tumefundishwa namna ya kuutendea ukiisha kuchakaa. Wataalamu wa kituo cha utafiti cha Naliendele walituonyesha kwamba mti mkongwe usiozaa vyema haulazimu kung'olewa: hukatwa, shina likachipua, na juu ya machipukizi hupandikizwa vikonyo vya mbegu bora. Jirani yangu, mzee kunipita mimi, alifanya hivyo katika shamba lake, nami nilikwenda kumtazama. Alikata upande mmoja wa mti na upande wa pili akauacha na matawi yake. Alichonga kikonyo kwa kisu kidogo, akakipenyeza katika chipukizi, akakifunga kwa utepe wa plastiki taratibu kama mtu anayefunga kidonda cha mtoto. Nikamwuliza, kwa nini hukuukata wote? Akanijibu bila kuinua uso: nikiukata wote, mwaka huu nitakula nini, na hivi vichanga vitapata wapi kivuli? Nimelitafakari jibu lile mara nyingi, kwa sababu ndani yake mna hoja zote mbili ninazozileta kwenu, ya mapato ya mzee na ya malezi ya kijana.

Basi nije katika hoja ngumu kuliko zote, ambayo naijua imo vifuani mwa vijana mliokaa nyuma. Mna shahada na stashahada za ualimu, mmekaa nyumbani miaka, wengine mnafundisha kwa kujitolea kwa posho ya wazazi isiyotosha sabuni. Na sasa mzee anasimama kuomba wazee wabaki kazini. Mngekuwa na haki ya kukasirika kama ndivyo nilivyoomba. Lakini fanyeni hesabu pamoja nami. Mwalimu wa miaka 57, kwa sheria ilivyo, atakaa kazini miaka mitatu mizima mpaka afike 60. Kama akiruhusiwa kuanza nusu kazi leo, akaendelea na nusu hiyo mpaka miaka 62, atakuwa amefanya nusu tano, ambazo ni miaka miwili na nusu tu. Ameshika kiti kwa muda mrefu zaidi, naam, lakini ameshika nusu ya kiti, na jumla ya kazi aliyoichukua imepungua. Na wakiwako wawili kama yeye katika kata moja, basi nafasi moja kamili imepatikana kwa kijana tangu leo, miaka mitatu kabla ya siku ambayo sheria ingeitoa. Na kwa kuwa mshahara wa mkongwe huwa juu na wa anayeanza huwa chini, nusu mbili zilizoachwa zinamlipa kijana na chenji hubaki. Atakayeingia ataingia darasani mkongwe yungali pale, katika saa za asubuhi, kumwonyesha jinsi ya kuwashika watoto 90 bila fimbo. Hilo, vijana wangu, mimi sikulipata; nilikabidhiwa darasa na sanduku la chaki, nikaachwa.

Kizuizi kimoja ni neno dogo la ofisini: ikama. Ikama huhesabu vichwa. Mtumishi ama yumo ama hayumo, na hakuna mahali pa kuandika nusu. Afisa utumishi mwema, hata akitaka kumsaidia muuguzi wake aliyechoka, hana safu ya kumwandika. Nao mkataba baada ya kustaafu hupatikana kwa kibali maalumu, na aghalabu kwa wenye taaluma za nadra. Hapa pana jambo la kutia moyo na la kuhuzunisha kwa pamoja: mwaka 2018 sheria ilibadilishwa ili maprofesa na wahadhiri waandamizi wa vyuo vikuu vya umma, pamoja na madaktari bingwa, waweze kuendelea mpaka miaka 65. Inatia moyo kwa kuwa dola imekiri kwamba kuna kazi ambazo umri huzinoa. Inahuzunisha kwa kuwa imekiri hivyo juu ya watu wa ghorofani tu, kana kwamba kumfundisha mtu mzima uchumi kunahitaji ukongwe, na kumfundisha mtoto wa miaka sita kuunganisha silabi hakuhitaji.

Nisemeje juu ya wakunga? Nilikuwa na dada katika ukoo, sasa marehemu, aliyefanya kazi ya ukunga kwa umri wake wote. Alipopata miaka 58 magoti yalikwisha kuharibika kwa kusimama, na zamu za usiku zilimrudisha nyumbani amevimba miguu hata viatu vikawa havivuki kifundo. Lakini mikono yake! Aliweka kile kipembe cha kusikilizia moyo wa mtoto juu ya tumbo la mjamzito, akafumba macho, akainamisha sikio, na kabla vijana hawajamaliza kupapasa alikwisha kusema kichwa kipo wapi na mapigo yanakwendaje. Ombi lake lilikuwa moja, aondolewe usiku, abakishiwe kliniki ya asubuhi, hata kwa mshahara mdogo. Aliambiwa kwamba mtumishi ni wa saa zote au astaafu. Akastaafu. Katika wilaya zenye vijiji vya mbali na hospitali, ambako safari ya mjamzito kufika Mkomaindo au Ndanda ni safari ya kuogopwa hasa masika, tumeipoteza mikono ile kwa sababu ya magoti yale, wakati magoti yangeweza kupumzishwa na mikono ikabaki.

Kuna suala la fedha, nalo ni lazima lisemwe kwa uwazi, maana wengi watauliza: nikipokea nusu mshahara, mafao yangu yatakuwaje? Mnajua tulivyopita. Mifuko minne ya pensheni iliunganishwa kuwa mfuko mmoja wa watumishi wa umma, PSSSF, mwezi Agosti 2018. Kanuni za mwaka huo zikataka mkupuo, yaani sehemu ya mafao anayopewa mstaafu kwa mara moja anapotoka, uwe asilimia 25. Manung'uniko yakawa makubwa, na tarehe 28 Desemba 2018 Rais Magufuli akaagiza kikokotoo cha zamani kiendelee kwa kipindi cha mpito hadi 2023. Kisha kuanzia Julai 2022 mkupuo ukawa asilimia 33 kwa wote, na katika bajeti ya 2024/2025 ukapandishwa hadi 40 kwa waliokuwa wakipata 50 zamani na hadi 35 kwa waliokuwa wakipata 25. Watu wamejadili sana ukubwa wa mkupuo. Mimi nauliza kwa nini tunauhitaji mkupuo kwa hofu kubwa namna ile, na jibu langu ni kwamba mtu anayesukumwa ukingoni hutafuta cha kushikilia. Katika siku ileile anayopoteza mshahara, mstaafu anatakiwa awe na nyumba, awe na mtaji, awe na biashara asiyopata kuifanya, na aijue kwa usiku mmoja. Na akichelewa kulipwa, korosho zake za msimu ujao huziuza kwa walanguzi wa kangomba kabla hazijaanguka, kwa bei ya huzuni. Nimeona fedha za miaka 35 zikiishia katika pikipiki tatu, na pikipiki zikaishia katika karakana. Mtu yule angalipata miaka mitano ya nusu kazi na nusu mapato, angalijaribu pikipiki moja kwanza.

Kanuni za 2022 zenyewe zimeacha upenyo ambao sidhani waliozitunga waliukusudia kwa ajili yetu. Mafao hukadiriwa kwa wastani wa mishahara bora ya miaka mitatu ndani ya miaka kumi ya mwisho. Tafsiri yake ni kwamba anayeanza nusu kazi akiwa na miaka 57 na kutoka akiwa na 62, ile miaka yake ya mshahara kamili ingali ndani ya kumi, na wastani wake hauanguki. Kinachobaki kuamuliwa ni jinsi ya kuhesabu miezi ya nusu kazi, na jinsi ya kukata ile michango ya asilimia 5 ya mtumishi na 15 ya mwajiri. Hayo ni mambo ya makarani wenye nia njema kukaa juma moja na kalamu.

Wengine wametutangulia, na makosa yao yafaa kutuonya. Uswidi mwaka 1976 waliweka pensheni ya nusu kwa watu wenye miaka 60 na zaidi waliopunguza saa za kazi, nayo ikafidia sehemu kubwa ya kilichopotea. Iliwapendeza wafanyakazi, lakini gharama yake ilibebwa na hazina ya pamoja, na miaka ya baadaye wakaifunga. Wajerumani mwaka 1996 walitunga sheria ya nusu kazi kwa wazee, wakaruhusu mtu azikusanye saa zake upande mmoja; wengi basi wakafanya kazi nzima nusu ya kwanza ya kipindi na kukaa nyumbani nusu ya pili, na ukingo ukawa uleule, umesogezwa tu. Kwa hiyo nasema ngazi yetu isiwe na ruhusa hiyo, na malipo yawe kwa kazi iliyofanywa, pamoja na sehemu ndogo ya pensheni ya mtu mwenyewe, si ruzuku isiyo na mwisho. Shirika la Kazi Duniani, katika Pendekezo lake Namba 162 la mwaka 1980 juu ya wafanyakazi wazee, limekwisha kuyataka mataifa yafanye njia ya kutoka kazini iwe ya hatua kwa hatua na ya hiari. Hiari ni neno la lazima hapa. Yuko mwalimu ambaye akifika 60 anataka kulala mpaka saa mbili, na haki yake hiyo isiguswe.

Na sipendi mtu atoke hapa akidhani nimewasahau walio wengi, wakulima na wavuvi wa Ruvuma ambao hawana ikama wala mfuko. Ndugu zetu wa Zanzibar tangu Aprili 2016 wanampa kila mzee wa miaka 70 pensheni jamii, ikaanza na shilingi 20,000 kwa mwezi na baadaye ikapandishwa hadi 50,000. Siku tutakayoweza nasi huku Bara nitasimama tena kuisema, Mungu akinipa uhai. Leo nimekuja kwa la watumishi, kwa kuwa linaweza kuanza bila kungoja hazina ijae.

Ninachowaomba halmashauri zetu nne, za miji na za wilaya, Masasi na Newala, ni jaribio dogo. Watafute, kwa kibali cha wizara na kwa ushauri wa Tume ya Utumishi wa Walimu, walimu wachache wa darasa la kwanza na la pili waliovuka miaka 55 na wanaotaka kwa hiari yao kushuka nusu. Madarasa hayo huachiliwa mapema, na somo kubwa la kusoma, kuandika na kuhesabu huwa asubuhi, kwa hiyo nusu siku inaingia humo bila kukwaruza. Kila wawili wapewe kijana mmoja. Wakunga nao, hata wawili tu kwa kila wilaya, watolewe zamu za usiku. Iwapo malipo ya kijana yatachelewa kutoka hazina, ushuru wa korosho unaweza kumshika mkono kwa mwaka mmoja, maana watoto anaowafundisha ni wa hao hao wanaolipa ushuru.

Karatasi nimeiweka pale mezani, karibu na mtungi wa maji. Ina majina ya walimu watano waliokwisha kuniambia kwamba wako tayari, watatu wa Newala na wawili wa hapa Masasi, na mdogo wao ana miaka 56. Chini yake nimeacha mistari mitupu kwa ajili ya wengine, na upande wa pili mistari kwa vijana wanaotaka kukaa nao darasani. Nitaipeleka kwa wakurugenzi juma lijalo. Shule zinafunguliwa Januari, na mmoja katika hao watano anatimiza 60 mwezi wa pili.